Mkono Ulioshika Msalaba

Asubuhi ile ya Jumamosi, pamoja na baridi yote ya mwezi wa saba, kipanya cha kompyuta kilimtoa jasho Sajenti Coleta kuliko kibaka yeyote wa stendi ya Sumbawanga. Akikisukuma kidogo, mshale unaruka hadi pembeni mwa kioo na kupotelea huko. Akikibonyeza taratibu, hakisikii. Akikibonyeza kwa nguvu, picha nzima inahama. Alikuwa amevaa sweta la kijani alilolifuma mwenyewe na kitenge kiunoni, maana darasani hakutaka kuonekana askari, na vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kama vijiti vya kukokea moto. Wenzake, vijana watatu waliokuja kujifunza ili wafungue vibanda vya picha, walikuwa wameshamaliza zoezi na sasa wanataniana. Yeye alikuwa bado anahangaika na mbuzi.

Mbuzi mwenyewe alikuwa katikati ya picha aliyoileta kutoka nyumbani, amesimama mbele ya mahindi yaliyokauka shambani, anatafuna. Zoezi la siku lilikuwa kuondoa kitu usichokitaka, pasijulikane kwamba kiliwahi kuwepo. Mwalimu wao, Flavian, mwenye studio ile, alikuwa amewaelekeza polepole kama anayefundisha mwali kusonga ugali. Kwanza, kabla hujagusa lolote, hifadhi picha kwa jina jingine, ile ya asili ibaki salama. Pili, jua kwamba picha ndani ya kompyuta si karatasi moja. Ni kama nailoni nyepesi zilizolaliana. Kila nailoni inaitwa leya, na ubavuni mwake kuna kijicho kidogo. Ukikigusa kijicho, kinafumba, na vyote vilivyo kwenye leya hiyo vinatoweka. Ukikigusa tena, vinarudi. Tatu, ipo kamba ya kuzungushia kitu unachotaka kukikata, kama unavyomzungushia ndama. Na leo walifikia muhuri: unachota kipande cha majani mahali pazuri, unakigonga pale penye kitu usichokitaka.

Coleta alikuwa anastaafu mwaka unaofuata. Miguu ilishachoka na doria, na alikuwa ameona kwamba, dunia iende itakavyokwenda, watu hawataacha kuhitaji picha za pasipoti. Kwa hiyo alivumilia. Aligonga muhuri, akagonga tena, mpaka ncha ya mwisho ya pembe ya mbuzi ikamezwa na mahindi. Akajiegemeza kwenye kiti, akajisikia fundi.

Flavian akaja nyuma yake, mikono kaikunja kifuani.

"Mama Sajenti, mbuzi umemwondoa vizuri. Lakini umezaa mapacha."

Coleta hakuelewa. Flavian akainama, akamwonyesha kwa kalamu bua moja lililovunjika, jani lake limening'inia kushoto, lina tundu la mdudu. Halafu akamwonyesha la pembeni yake: bua lilelile, jani lilelile, tundu lilelile.

"Mungu haumbi bua moja mara mbili," akasema. "Ukichota pale ulipochota mwanzo, mwenye macho anakukamata. Si ndiyo kazi yenu hiyo?"

Vijana wakacheka. Coleta naye akaanza kucheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Mapacha wa namna hiyo alikuwa amekwisha kuwaona mahali, tena kwenye picha aliyoitia yeye mwenyewe kwenye jalada la polisi.

Jumamosi iliyotangulia, kijiji kizima cha upande wa Mollo kilikuwa kwenye misa ya shukrani ya padre mpya, mtoto wa palepale. Siku kama hiyo habaki mtu nyumbani. Hata wagonjwa hubebwa. Waliporudi jioni, wameshiba na kuimba, wakakuta bati la nyuma la nyumba ya mashine limefunguliwa na injini ya kusagia haipo. Ilikuwa mali ya kikundi cha akina mama, na tangu siku hiyo wanawake walikuwa wanabeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili.

Coleta alipofika, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kopo. Nati zote zilizokuwa zimeshikilia ile injini zilifunguliwa bila hata moja kukatwa, zikawekwa kwenye kopo la maziwa, juu ya jiwe. Mwizi wa kubahatisha hapangi nati. Aliyefanya hivyo alikuwa fundi, tena aliyezoea mashine ileile. Na fundi wa namna hiyo alikuwa mmoja, Isdori, ambaye akina mama walikuwa wamemwachisha kazi kwa ulevi. Isdori akasema siku hiyo alikuwa Laela, kwenye kubarikiwa kwa msalaba wa kaburi la marehemu baba yake. Coleta akaenda Laela kuhakikisha. Kwenye ukuta wa mama yake Isdori, mama Albina, akaikuta picha: ukoo mzima umezunguka kaburi, msalaba mpya wa mbao katikati, na kando ya msalaba amesimama Isdori. Akaipiga picha kwa simu yake, akarudi mjini, akamwondoa Isdori kwenye orodha ya watuhumiwa.

Baada ya hapo akageukia alama za magurudumu ya mkokoteni wa ng'ombe zilizopita nyuma ya ile nyumba ya mashine. Gurudumu moja lilikuwa limefungwa kipande cha tairi, na mkokoteni wa namna hiyo ulikuwa wa Limbu, Msukuma mfugaji aliyehamia pale miaka ya karibuni. Limbu si Mkatoliki, hakwenda misani. Alieleza kwamba Ijumaa alileta mahindi kusaga, na alama ni za Ijumaa. Nani alikuwa tayari kumsikiliza? Alhamisi Coleta akamkamata.

Sasa alitoa simu mkobani, akamwomba Flavian aiunganishe na kompyuta. Hakumwambia ni ya kesi gani. Picha ya ukutani ikajaa kwenye kioo. Flavian akaikuza sehemu ya chini, karibu na viatu vya Isdori. Kilikuwepo kichaka kidogo cha nyasi chenye ua moja la manjano lililolala upande. Pembeni kidogo, kulia kwake, kichaka kilekile, ua lilelile, limelala vilevile. Kisha tena, nusu yake, nyuma ya kisigino.

"Hii ni kazi ya mwanafunzi," Flavian akasema. "Fundi angechota sehemu mbalimbali."

Coleta akamwomba apande juu kidogo. Alikuwa ameitazama picha ile mara nyingi wiki nzima, na kila mara aliona alichotaka kukiona. Safari hii aliitazama kama anayechambua ulezi. Watu wote walikuwa wamevaa masweta na makoti. Isdori shati la mikono mifupi. Wiki nzima alijiambia kwamba vijana hawaoni baridi. Mkono wa kushoto wa Isdori ulining'inia ubavuni. Wa kulia ulikuwa umekunjwa mbele ya tumbo, vidole vimeshikilia hewa, kama mtu aliyenyang'anywa chupa ya soda. Kumbe mikono yake yote miwili ilikuwa inaonekana. Halafu Coleta akatazama mti wa msalaba. Vidole vinne vilikuwa vimeuzunguka kutoka nyuma, vyembamba, vimeukaza barabara. Akahesabu mikono ya kila aliyesimama karibu. Vidole vile havikuwa vya mtu yeyote.

Coleta akamwomba aifunge picha na asiizungumze popote. Masikio yake yalikuwa ya moto. Kwenye kona ya chini ya picha palikuwa na maandishi madogo aliyokuwa ameyaona tangu siku ya kwanza: Studio Jenifer, Laela. Jenifer ni binti wa mama Albina, mdogo wake Isdori, naye kazi ya picha alifundishwa na Flavian huyuhuyu.

Alimpigia simu mkuu wake wa upelelezi, Afande Polikarp, amwombe jalada la Limbu lisiende mahakamani. Afande akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, bila ukali, kama anataka ampelekee wakili wa serikali picha ya simu iliyopigwa kutoka picha ya ukutani, na maneno ya mwalimu wa studio kwamba nyasi zinafanana. Limbu angefikishwa mahakamani Jumatatu. Injini haijapatikana, dhamana ingepingwa, na ng'ombe wake huko nyumbani walikuwa wanachungwa na mke mwenye mimba. Kama Coleta ana jambo, alete picha ya asili na mtu wa kuisimamia.

Jioni hiyo alipita kituoni. Mboje, mke wa Limbu, alikuwa amekaa langoni na bakuli lililofungwa kwa kitambaa, mgongo wake umeegemea ukuta wenye jua. Alikuwa anakuja kila siku kwa miguu. Alipomwona Coleta akajiinua kwa shida, tumbo mbele, akapiga goti kidogo kumwamkia. Coleta akaitika marahaba huku akitazama lile bakuli, kwa sababu usoni hakuweza.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, akapanda basi.

Laela siku hiyo ilikuwa kama kawaida yake: magunia ya mahindi yamepangwa kando ya barabara, wanunuzi na mizani zao, akina mama wakikimbilia madirisha ya mabasi na karanga za kuchemsha. Kibanda cha Jenifer kilikuwa kimefungwa. Coleta akashuka njia ya nyuma ya maghala mpaka kwa mama Albina.

Akamkuta amekaa uani kwenye mkeka, anapeta ulezi, kitambaa cheusi cha ujane bado kichwani. Coleta akapiga magoti kabisa, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu. Huyu hakuwa mama wa mtu tu. Ndiye aliyemsimamia Coleta kipaimara, alipokuwa msichana wa shule mwenye viatu vya kuazima. Askofu alipompaka mafuta, mkono wa mama Albina ulikuwa begani kwake, na uzito wake aliukumbuka mpaka leo. Mtu wa namna hiyo humwandami kwa maswali. Na huko ndiko Coleta alikokosea.

Jenifer akaleta chai ya maziwa na viazi, akaweka, akataka kuondoka. Coleta akamwomba akae. Hakunywa. Mama Albina akamtazama akiwa hajagusa kikombe, akaacha kupeta.

"Mama," Coleta akaanza, "ile picha ya kaburini. Isdori alikuwepo?"

"Si ulishaandika?"

"Niliandika kwamba umesema alikuwepo."

"Nilisema lini?"

Coleta akairudisha siku ile yote kichwani: yeye anaingia, anakaribishwa, anauliza kwa aibu, macho chini, kama kweli kaka Isdori alikuwa nyumbani Jumamosi, mama Albina ananyoosha kidevu kuelekea ukutani, yeye anainuka na kuipiga ile picha, anashukuru upesi, anaandika. Wala hakumngojea aseme. Na uani mle, siku ile, majirani watatu walikuwa wanaanika ulezi, wote walikuwa wamekuwepo kaburini. Angemuuliza mmoja tu.

"Hukusema," akajibu.

"Sikusema. Wewe ulitazama ukuta, mimi nilikuwa nakumiminia chai." Mama Albina akauweka ungo kando. "Ungeniuliza mara ya pili, sijui ningejibuje. Nilikaa nangojea mara ya pili. Ukaaga."

Jenifer alikuwa ameinamisha uso, anasokota upindo wa khanga. Coleta akamgeukia, akamuuliza kwa upole kama amehifadhi picha ya asili. Alikwisha kujua jibu. Wote wawili walikuwa wamefundishwa na mwalimu mmoja. Jenifer akatikisa kichwa kukubali. Akasema ipo kibandani. Coleta akawaambia waende wote, na mama akavaa kandambili zake bila kuuliza.

Kibanda kilikuwa na nafasi ya watu wawili na pazia la bluu. Wakabanana watatu. Jenifer akawasha kompyuta, ikakohoa, ikawaka. Coleta akatoa karatasi, akaandika saa, majina ya waliopo na jina la faili kama linavyosomeka, kisha akamwambia Jenifer asiguse kitu mpaka atakapoambiwa. Kazi hii aliijua. Iliyomshinda ilikuwa ile nyepesi, ya kuuliza.

Picha ikafunguka: ukoo, kaburi, msalaba, Isdori katika shati lake la mikono mifupi. Ubavuni zikajipanga leya tatu, kila moja na kijicho chake.

"Fumba ya juu," Coleta akasema.

Jenifer akagusa. Isdori akatoweka.

Mama Albina akavuta pumzi kama aliyemwagiwa maji ya kisimani. Pale alipokuwa mwanawe pakabaki nyasi tupu, nyasi zenye mapacha, na vile vidole vinne vimeushika mti. Coleta akasema afumbe ya pili. Jenifer akasita. Akagusa.

Nyasi zikaondoka, na palepale kando ya kaburi akatokea Jenifer mwenyewe, katika sweta jekundu, ameushika msalaba kwa mkono mmoja, uso wake umevimba kwa kulia.

Nje muuza karanga alikuwa anabishana na kondakta.

Jenifer ndiye aliyeeleza, na alieleza akitazama kioo. Baba yao mkubwa, kaka wa marehemu, alikuwa mgonjwa kitandani huko Namanyere na hakuweza kuja. Aliagiza kwamba msalaba ushikwe na mtoto wa kwanza wa kiume, na aletewe picha aone. Watu walikusanyika, padre akafika, wakamngoja Isdori mpaka padre akatazama saa. Hakutokea. Mama akasema basi, ashike Jenifer. Jirani akapiga picha kwa kamera ya Jenifer. Usiku mama akalia, si kwa ajili ya marehemu, ila kwa kufikiri shemeji yake ataishika picha ile kitandani aone msichana mahali pa mrithi, ajue kwamba mdogo wake alizaa mtoto asiyemjali hata akiwa udongoni. Jumatatu akamwambia Jenifer amweke kaka yake. Jenifer alikuwa na picha za Isdori kwenye harusi ya binamu yao, za mwezi wa kumi, kipindi cha joto, na soda mkononi. Akamzungushia kamba, akamleta.

"Ili yeye akae, ilibidi mimi nijifute," Jenifer akasema. "Mkono sikuuweza. Kila nikiufuta mti unapinda. Nikauacha."

Mama Albina akanyoosha kidole, akagusa kioo pale penye sweta jekundu.

"Nilikuambia ujifute," akasema, "nawe ukajifuta. Hata hukununa."

Coleta akangoja. Safari hii alingoja kweli, mikono mapajani. Kisha akauliza swali lake la pili, moja kwa moja, kama anavyomuuliza mtu mwingine yeyote: Isdori alifika saa ngapi, na alikuwaje.

Mama Albina akajibu. Alifika jioni, wageni wanakula. Hakwenda kaburini. Aliomba maji ya kunawa, na maji yakabaki meusi kwenye beseni, yananuka dizeli; beseni lile alilisugua kwa majivu na harufu haikutoka. Alisema amepata kazi ya mashine huko Mpui, kwa mtu mwenye injini mpya. Alikuwa na furaha.

"Kwa hiyo ulijua," Coleta akasema.

"Nilijua ile siku uliyokuja na kuuliza. Kabla yake sikujua kama kuna kitu kimeibwa." Mama Albina akafunga kitambaa chake cheusi upya, ingawa hakikulegea. "Sikiliza, Coleta. Picha niliitengeneza kwa aibu. Aibu haina dhambi kubwa. Lakini Ijumaa watu walikuja sokoni wakasema amekamatwa Msukuma, na mimi nikasema asante Mungu. Nilisema hivyo kwa mdomo, mbele ya watu. Hiyo iandike."

Coleta akaiandika. Akamsomea neno kwa neno, akamuuliza kama ndivyo alivyosema, akangoja mpaka akaitika. Mama Albina akatia sahihi kwa herufi zake kubwa za shule ya msingi. Jenifer akatia yake, akahifadhi picha zote mbili kwenye kifaa kidogo ambacho Coleta alikifunga kwenye bahasha na kuigonga muhuri wa lakiri.

Askari wa upande wa Mpui walipigiwa simu mchana huohuo. Kabla ya magharibi wakajibu kwamba injini imeonekana, imepakwa rangi ya kijani ambayo haijakauka vizuri, na chini yake bado inasomeka namba ya akina mama. Isdori alikuwa pembeni yake, anafunga nati. Alikuwa ameisafirisha kwa pikipiki ya miguu mitatu, juu ya barabara ngumu isiyoshika alama. Hakuleta ubishi. Aliuliza tu kama mama yake ameambiwa.

Afande Polikarp alisoma karatasi zote akiwa amesimama. Ya mwisho ilikuwa ya Coleta mwenyewe, kwamba maelezo ya kwanza ya shahidi aliyaandika yeye, na shahidi hakuwahi kuyasema. Akamkumbusha kwamba mwaka ujao anastaafu, na karatasi ile inaweza kumfuata mpaka kwenye mafao. Coleta akasema anajua. Afande akaitia kwenye jalada, akampa ufunguo wa mahabusu, akamwambia amtoe mtu wa watu.

Limbu alikuwa amekaa sakafuni, blanketi mabegani, mtu mrefu aliyejikunja. Coleta akafungua mlango wote, akamweleza kwa ukamilifu: picha, injini, Mpui, na kwamba yuko huru. Akamwambia mkewe yuko langoni. Limbu akasikiliza mpaka mwisho. Hakuinuka.

"Afande," akasema, "ulinikamata wapi?"

"Mnadani."

"Saa ya ng'ombe wengi. Ulinifunga pingu mbele ya baba mkwe wangu, anashikilia kamba ya fahali niliyemletea. Leo ni Jumapili, jua limezama, unanifungulia mlango hapa ambapo hata mende hawapo. Nikifika nyumbani nitasemaje? Nitasema, polisi wameniambia mimi si mwizi. Nani ataamini?"

"Unataka nifanye nini, bwana Limbu?"

"Wewe ndiye unajua mnada ni lini."

Halafu akajiinua, akapita kando yake akiwa na blanketi lake, akaenda langoni kwa mkewe.

Alhamisi Coleta akavaa sare kamili. Akaipiga pasi ya mkaa usiku, akang'arisha viatu, na alipokuwa anaingia mnadani vumbi la kwato likavigeuza vyeupe kabla hajafika katikati. Ng'ombe walikuwa wengi, watu wengi zaidi. Wazee wa Kisukuma walisimama upande wao na fimbo zao, mzee mmoja mbele, kofia ya sufi kichwani, hakumsalimia. Limbu alikuwa nyuma yake. Mboje alikuwa amekaa juu ya gunia.

Coleta akamwomba mpiga mnada kipaza sauti. Yule akadhani ni tangazo la chanjo, akampa.

Sauti yake ilipotoka ilikuwa kubwa kuliko alivyoitaka. Akasema kwamba Alhamisi iliyopita, mahali hapa, mtu anayeitwa Limbu alikamatwa kwa wizi wa injini. Akasema kituo kimechunguza na kugundua kwamba Limbu hakuiba, mwizi amepatikana mwingine, na kituo kinasikitika kwa makosa yaliyotokea. Hata wale waliokuwa wanavuta ndama wakasimama. Coleta akashusha kipaza sauti, akataka kukirudisha.

Limbu akasogea mbele, pembeni ya baba mkwe wake.

"Si kituo," akasema, bila kupaza. "Mimi sikukamatwa na kituo."

Mpiga mnada alikuwa amenyoosha mkono kupokea. Coleta akamtazama yule mzee mwenye kofia, ambaye sasa alikuwa amegeuka na kumkazia macho kwa mara ya kwanza, akingoja. Akakirudisha kipaza sauti mdomoni, akataja jina lake lote, la ubatizo na la baba yake, kisha akaanza upya tangu mwanzo.